Dalali na Mfuko wa Mnunuzi

Mtu atakaye kununua nyumba siku hizi katika Kayanga, au Omurushaka, au Nkwenda, mara nyingi haonani kwanza na mwenye nyumba. Huonana na dalali. Dalali ndiye aliyepeleka picha za nyumba katika simu za watu, ndiye ajuaye ufunguo uko kwa nani, na ndiye asemaye, "Mwenyewe yuko safarini, lakini maneno yote yako kwangu." Kisha huanza kudai. Hudai pesa ya kuonyesha nyumba, hata kama nyumba yenyewe hukuipenda. Hudai ujira wake, na pengine huudai kwako na kwa muuzaji pia. Hudai arabuni leo hii, maana kesho, asema, anakuja mtu mwingine kutoka Mwanza. Na katikati ya hayo yote huuliza swali moja ambalo laonekana kuwa dogo kupita yote: "Mwalimu, sema kweli, una shilingi ngapi?"

Katika madai haya mengine ni ya desturi tu, na watu wazima waweza kupatana juu yake. Lakini swali hilo la mwisho lagusa dhamiri. Maana Mkristo amefundishwa kusema kweli, naye dalali ametia neno "kweli" ndani ya swali lake. Nikimjibu kweli, bei ya nyumba yapanda usiku ule ule hata kufika palipo mwisho wa mfuko wangu. Nikimjibu uongo, nimesema uongo. Nikinyamaza, husema kwamba mimi si mnunuzi wa haki, naye hapeleki neno langu kwa mwenye nyumba. Je, mtu mwaminifu apite wapi? Ndilo jambo nitakalo kulifikiri hapa pamoja nawe, msomaji.

Kwanza tusimwonee dalali. Zamani katika nchi yetu ya Karagwe hapakuwa na haja kubwa ya mtu huyu. Kibanja kilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kama kiliuzwa, jirani alijua kabla ya jua kuchwa. Mipaka ilionyeshwa mbele ya wazee, na bei ilitajwa kwa sauti ambayo hata mtoto aliyekaa migombani aliisikia. Mambo yamegeuka. Barabara ya lami kutoka Kyaka imefika Bugene. Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya peke yake mwaka 2012, nayo ikahitaji watumishi wengi, walimu na wauguzi na maafisa, watu ambao hawana shangazi wala mjomba huku wa kuwaambia ni nyumba gani iuzwayo. Mtu wa namna hii afanyeje? Sharti apate wa kumwongoza. Dalali hutembea juani, hupiga simu kwa fedha zake, hupoteza siku nzima kumngoja mnunuzi asiyekuja. Mkono mtupu haulambwi. Anayemdharau mtu huyu kwa kuwa hana shamba wala duka, bali ana maneno tu, ajiulize kama yeye mwenyewe angaliipata nyumba ile pasipo maneno hayo.

Basi kosa si kuwako kwake. Shida ni kwamba hatujui ametumwa na nani.

Sote twamjua mshenga. Kijana atakapo kuoa, ukoo wake huchagua mtu mwenye ulimi mzuri, nao humpa neno lote: tulicho nacho ni hiki, anza hapa, usipite hapa. Mshenga ajua mwisho wa mfuko wao, naye huutunza kama ile siri ya mtungi ambayo aijuaye ni kata. Wala hapana aibu katika hayo, maana wazazi wa binti wajua kabisa kwamba mtu huyu ni wa upande wa kijana. Lakini ni kijana gani atakayemwendea msemaji wa upande wa binti na kumnong'oneza idadi ya ng'ombe wote walio zizini kwa baba yake?

Dalali wetu hukaa katikati. Asubuhi humwambia muuzaji, "Nitakutafutia bei nzuri", jioni humwambia mnunuzi, "Nitakupunguzia." Ahadi hizi mbili haziwezi kutimizwa na mtu mmoja juu ya nyumba moja. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, humwita mtu atendaye kwa niaba ya mwingine wakala, nayo humlazimisha kumtolea hesabu yule aliyemtuma. Na asiyejua bwana wake ni nani, atamtolea nani hesabu? Kwa hiyo swali lake lafaa lijibiwe kwanza kwa swali: "Ndugu yangu, umetumwa na nani, na ujira wako watoka kwa nani?" Akijibu kwamba yeye ni mtu wa muuzaji, vema, hajakosa kitu; lakini kumwambia yeye mwisho wa mfuko wako ni sawa na kumwambia muuzaji mwenyewe.

Yuko atakayesema: Basi nitamjibu kwamba sina zaidi ya milioni 15, ingawa ninazo 20, sokoni kila mtu hufanya hivyo, na hapana adanganywaye maana hapana aaminiye. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, hata kwa wazee wa kanisa, wala siikubali. Neno "sina" ni ushahidi. Ni la namna moja na "sikuwako" na "sikumwona", maneno ambayo mtu huyasema mbele ya baraza na watu wakayategemea. Kama "sina" ya sokoni si kweli, mwanao atajuaje kwamba "sina" unayomwambia nyumbani siku ya kununua sare za shule ni kweli?

Walakini liko neno jingine lililo jirani yake, nalo ni "natoa". Natoa milioni 15. Neno hili halishuhudii kitu juu ya mfuko wangu. Ni tendo, kama kunyosha mkono, na mtu aliyenyosha mkono mmoja hakusema kwamba hana wa pili. Kesho nikisema natoa 16, sikujikana, maana jana sikuapa. Hata "sitoi zaidi" ni neno la kutumia kwa uangalifu, linalomfaa mtu aliyekwisha kuamua. Akilisema siku tatu, na kila siku akaongeza, watu watamjua. Basi mtu mwaminifu anayo njia kati ya kusema uongo na kujianika: ataje atoacho, anyamaze juu ya alicho nacho. Kunyamaza si kudanganya, ila pale ambapo mwenzako ana haki ya kujua.

Na hapa ndipo pagumu. Dalali, na muuzaji aliye nyuma yake, wana haki ya kujua nini?

Naona wana haki ya kujua kwamba neno langu lina kitu ndani yake. Nikisema natoa milioni 15, muuzaji aweza kumrudisha mtu mwingine aliyetaka kununua. Aweza kuahidi kulipa deni la matibabu kwa fedha hizo. Aweza kuagiza mabati ya nyumba nyingine. Kama hizo 15 sinazo, bali nangoja bei ya kahawa, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo ambao haujakubaliwa, nimemfunga mtu kwa kamba ya hewa. Kwa hiyo akiniuliza, "Hizo 15 ziko tayari, au wazingoja?" sharti nijibu kweli yote, hata kweli ya aibu: 8 ziko, 7 nazitazamia baada ya msimu. Akitaka kuona karatasi ya benki au ya chama, aone ya kadiri hiyo. Swali lake laweza kufika mpaka pale bei yangu ilipofika, hapo lisimame. Ng'ambo ya hapo ni mambo ya mke wangu na watoto wangu.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza nyumba nyingi huuzwa kwa mikono ya madalali wenye ofisi na vibao mlangoni, na sheria ya kuwasimamia ilitungwa mwaka 1979. Huko nako wanunuzi hunung'unika kwamba dalali huwataka wakae kwanza na mtu wake wa mikopo, awahesabie mishahara yao, ndipo bei yao ipelekwe kwa muuzaji. Imekubaliwa kule kwamba dalali aweza kuhakikisha kama mnunuzi ana uwezo. Lakini kulizuia neno la mtu lisifike kwa mwenye nyumba kwa sababu hakutaka kukopa kwa rafiki wa dalali, hilo limehesabiwa kuwa kosa. Nalitaja kwa sababu laonyesha kwamba ofisi nzuri na tai shingoni haziliondoi jaribu hili. Neno la mnunuzi si mali ya dalali hata aliweke mfukoni mpaka apendezwe.

Wasomaji wa Biblia wakumbuke habari ya Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara. Alikuwa mgeni katika nchi ile, kama hao watumishi wetu wa Kyerwa, naye hakumwendea Efroni Mhiti peke yake. Aliwaomba watu wa mji wamsemee. Basi kusemewa ni jambo la kale, wala si dhambi. Lakini tazama yaliyofuata. Bei ya shamba la Makpela, shekeli 400 za fedha, ilitoka katika kinywa cha Efroni mwenyewe, langoni pa mji, mbele ya watu, na Ibrahimu akazipima palepale. Utajiri wake ulijulikana, walakini kitabu hakisemi kwamba aliulizwa ana fedha ngapi hemani. Wengine husema kwamba bei ile ilikuwa kubwa mno. Yamkini. Hata hivyo hapana mtu aliyeweza kusema baadaye kwamba Ibrahimu alilipa nyingine na Efroni akapokea nyingine.

Huko pwani pia, tulikolipata neno hili, dalali wa zamani alikuwa mtu wa mnada: alisimama mbele ya watu akatangaza bei kwa sauti kuu. Dalali wetu wa leo amelichukua jina, lakini sauti ameiacha. Hunong'ona.

Na sababu ya kunong'ona ni ile ambayo watu huiita cha juu. Dalali humwuliza muuzaji, "Wataka kiasi gani mkononi mwako?" Tuseme muuzaji ni mjane, naye ajibu milioni 14. Dalali humwambia mnunuzi kwamba nyumba ni milioni 20, na kwamba mwenyewe hashuki chini ya 19. Fedha zapita mkononi mwa dalali. Mnunuzi atoa 19. Mjane apokea 14, atia kidole katika karatasi ambayo hakusomewa. Milioni 5 zalala njiani. Sasa waona kwa nini dalali alitaka sana kuujua mwisho wa mfuko. Hakutaka kumtumikia mjane, wala kumtumikia mnunuzi, bali alitaka kupima upana wa nafasi iliyo kati yao.

Mtu mwenye akili aweza kuniuliza: Aliyedhulumiwa ni nani? Mjane alitaka 14, akapata 14. Mnunuzi alikubali 19, akapata nyumba. Hapana aliyeshikiwa panga. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa, kwa kuwa biashara yote ya duniani husimama juu ya kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa. Nami nasema, kama dalali angaliinunua nyumba ile kwa milioni 14 zake mwenyewe, akaiweka miezi sita, akaogopa kwamba haitapata mtu, kisha akaiuza 19, nisingalimlaumu: huyo ni mfanyabiashara, na hatari ni yake. Sisi watu wa kahawa twaijua butura. Mtu aliyebanwa na shida huiuza kahawa ingali maua, naye hupewa fedha kidogo kwa mavuno ya watoto wake. Serikali imeikataza mara nyingi, nasi twaiona kuwa ni dhuluma. Walakini hata mtu wa butura huweka fedha zake juu ya mti. Mvua ikikosekana, naye aweza kupata hasara. Dalali wa cha juu hakuweka hata senti moja. Ataka faida ya mfanyabiashara pamoja na usalama wa mjumbe.

Tena ile ridhaa ya mjane ni ridhaa juu ya mambo aliyoyajua. Aliridhia 14 kwa kuwa aliamini hapana atoaye zaidi, na imani hiyo ilitiwa moyoni mwake na mtu yule yule aliyejua kwamba si kweli. Ridhaa ya namna hiyo ni ya mtu aliyefungwa macho, kisha akasifiwa kwamba ametembea mwenyewe. Mnunuzi atakaye kuepukana na shauri hili ana njia nyepesi: amwombe dalali ataje bei wakiwa watatu, yeye na muuzaji na dalali, au hata kwa simu iliyofunguliwa sauti. Dalali mwema hatachukia. Akikataa kabisa, amekwisha kujibu.

Haya nimesema juu ya dalali; mnunuzi naye asijifanye mwana-kondoo. Wako watu, tena wenye vyeo vizuri, ambao huongozwa na dalali mchana kutwa, wakaonyeshwa nyumba, wakajua mwenyewe ni nani, kisha usiku humwendea mwenye nyumba peke yao na kumwambia, "Tumwache yule, tugawane ujira wake." Huu ni wizi wa mshahara wa mtu aliyefanya kazi. Tena nadhani madalali wengi wamefundishwa cha juu na wanunuzi wa namna hii: mtu aliyenyimwa ujira wake mchana mara mbili, mara ya tatu hujilipa gizani. Dawa yake ni kupatana mapema juu ya ujira, kwa kiasi au kwa sehemu ya mia, na nani ataulipa, nao ulipwe mbele ya mashahidi siku ile ile ya kuandikiana. Hata pesa ya kuonyesha nyumba, kama imetajwa kabla ya safari, ni nauli ya mtu, wala sioni ubaya.

Kuhusu haraka, neno langu ni fupi. Yamkini mtu wa Mwanza yuko kweli. Lakini haraka ya dalali huwafungia mlango watu ambao sheria imewafungulia. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mmoja kuiuza pasipo ridhaa ya mwenziwe. Kama ni ardhi ya kijiji, iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ina neno lake. Dalali akisema, "Huyo mama hana neno hapa, ni mambo ya ukoo," akumbushwe kwamba mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, katika kesi iliyotoka Muleba, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Arabuni iende mkononi mwa mwenye nyumba, mbele ya mtendaji au mwenyekiti, na kwa maandishi. Iliyotumwa usiku katika simu ya dalali, mke wa muuzaji angali hajaulizwa, si arabuni ya nyumba. Ni zawadi kwa dalali.

Limebaki swali moja, nalo lanisumbua kuliko mengine, kwa kuwa huku kwetu aliyenunua nyumba amejinunulia majirani pia. Tuseme mwaka umepita, naye mnunuzi wa milioni 19 asikia kwamba mjane alipokea 14 tu. Je, ana deni kwake? Wengi humshauri anyamaze: alikwisha kulipa, na kuliamsha jambo hilo ni kuleta ugomvi kijijini. Mimi naona kwamba deni la fedha hana, maana alilipa mara moja na kwa moyo safi. Lakini ana deni la neno. Nilisema kunyamaza si kudanganya ila pale mwenzako ana haki ya kujua. Na hapa haki ya mjane ni dhahiri, kwa kuwa milioni 5 zile zilitolewa kwa ajili ya nyumba yake, na wakala wake alipaswa kumtolea hesabu yake. Naye hawezi kuidai hesabu ambayo hajui kwamba iko. Basi mnunuzi aende kwake mchana, pamoja na mzee mmoja, achukue mkataba wa mauziano na karatasi ya benki au ujumbe wa simu uonyeshao fedha alizozitoa, amsomee tarakimu polepole, hata mara mbili. Kama atamwita dalali nyumbani kwanza, au atakwenda moja kwa moja kwenye baraza la ardhi, mjane ataamua mwenyewe. Na mnunuzi awe tayari kwenda naye na kusema alitoa kiasi gani, siku gani, na mkononi mwa nani.